Kwa Nini Galaksi Ndogo Huzaa Nyota kwa Kusitasita

Kila mwaka galaksi yetu, Njia Nyeupe, hutengeneza nyota mpya zenye jumla ya uzito wa Jua moja hadi mawili, na kazi hiyo imeendelea kwa sehemu kubwa sana ya umri wake. Majirani zake wadogo wana habari nyingine kabisa. Draco iliacha kuzaa nyota takriban miaka bilioni 10 iliyopita na haikurudia tena. Carina ilizaa, ikanyamaza kwa mabilioni ya miaka, kisha ikaanza upya. Fornax iliendelea hadi miaka milioni mia chache iliyopita, na leo hakuna gesi inayoonekana ndani yake. WLM, iliyojitenga umbali wa miaka ya nuru milioni 3 hivi, ina gesi tele lakini inaitumia polepole.

Zote nne ni galaksi kibete. Zote zilianza na malighafi ileile, yaani hidrojeni na heli zilizobaki baada ya Mlipuko Mkuu, zikikusanyika ndani ya mawingu ya maada ya giza, yaani maada isiyoonekana ambayo hujulikana kwa uvutano wake tu. Ikiwa chanzo ni kimoja, tofauti hizi zimetoka wapi?

Jibu linaanzia kwenye udhaifu wa uvutano. Galaksi kubwa ina nguvu ya kushikilia gesi yake hata inapochemka, inapolipuliwa au inapopita mahali pabaya. Kibete hakina uwezo huo. Kila kinachotokea ndani yake au jirani yake kinaweza kukipokonya gesi, na bila gesi hakuna nyota. Ndiyo maana kila kimoja kina historia yake, na ndiyo maana nadhani hakuna mahali pazuri zaidi pa kujifunzia kuzaliwa kwa nyota kuliko hapa, ambako kila sababu inaacha alama inayoonekana.

Neno kibete lenyewe linafunika mengi. Wingu Kubwa la Magellan, lenye nyota mabilioni na linaloonekana kwa macho matupu kutoka kusini mwa dunia, huwekwa katika fungu hili. Humo humo zimo galaksi hafifu mno zenye nyota elfu chache tu, ambazo hazikujulikana hadi ramani za anga za kidijitali zilipochujwa kwa kompyuta kuanzia miaka ya 2000. Kati ya mwanzo na mwisho wa fungu hilo kuna tofauti ya mara milioni.

Nyota huhitaji baridi

Watu wengi huwaza kwamba nyota, kwa kuwa ni moto, huzaliwa kwenye joto. Ni kinyume chake. Gesi yenye joto husukuma kuelekea nje, na msukumo huo hushindana na uvutano unaotaka kuikusanya. Ili uvutano ushinde, gesi lazima ipoe sana, hadi nyuzi 10 au 20 tu juu ya sifuri kamili. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu galaksi yoyote ni hili: gesi yake inapoaje?

Hidrojeni na heli peke yake hazijui kupoza vizuri zikishashuka chini ya nyuzi elfu chache. Kazi hiyo hufanywa na elementi nzito kama kaboni na oksijeni, zinazopokea nishati ya migongano na kuitupa nje kama mionzi ya infraredi na ya redio. Vumbi nalo husaidia kwa njia mbili: huzuia mwanga wa urujuanimno usipenye ndani ya wingu, na juu ya chembe zake atomi za hidrojeni hukutana na kuwa molekuli. Wanaastronomia huita elementi zote zilizo nzito kuliko heli kwa jina la metali, hata oksijeni, na nitafuata desturi hiyo hapa.

Galaksi kibete ni maskini wa metali. Wingu Kubwa la Magellan lina takriban nusu ya kiwango kilichomo kwenye Jua, na jirani yake, Wingu Dogo la Magellan, takriban moja ya tano. WLM ina kiasi cha asilimia 13 ya oksijeni ya Jua. Leo P, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 5 hivi, haizidi sana asilimia 3.

Umaskini huu unaleta tatizo pia kwa wanaochunguza. Molekuli ya hidrojeni ikiwa baridi haitoi mionzi tunayoweza kuinasa, hivyo katika Njia Nyeupe watafiti huitafuta kwa kupitia molekuli ya kaboni monoksidi iliyochanganyika nayo. Katika kibete, kaboni na oksijeni ni haba, na mwanga mkali unaopenya kwa urahisi huivunja kaboni monoksidi ilhali hidrojeni inabaki salama. Kwa miaka mingi vibete maskini kuliko vyote vilionekana kuzaa nyota bila kuwa na mawingu ya kuzalia. Mwaka 2013 darubini ya APEX nchini Chile hatimaye ilinasa kaboni monoksidi ndani ya WLM, na mwaka 2015 jirani yake ALMA ikaonyesha inakotoka: mawingu 10 madogo sana, kila moja likiwa kiini kizito kilichojificha ndani ya gesi nyingi isiyoonekana. Mawingu ya Njia Nyeupe yanaweza kufikia upana wa mamia ya miaka ya nuru. Haya ya WLM ni vipande vidogo, lakini msongamano wa ndani yake haupishani sana na wa mawingu ya kwetu, na nyota zinaendelea kuzaliwa.

Hapo pana jambo la maana. Umaskini wa metali hauzuii nyota kuzaliwa. Unapunguza tu sehemu ya gesi inayofikia baridi ya kutosha kwa wakati mmoja. Sehemu kubwa ya hidrojeni ya kibete hubaki katika hali ya atomi, ikiwa vuguvugu na imetawanyika, ikitoa tu mawimbi yake ya redio ya sentimita 21. Mawimbi hayo yalitabiriwa mwaka 1944 na kunaswa kwa mara ya kwanza mwaka 1951, na hadi leo ndiyo njia bora ya kupima akiba ya gesi ya galaksi. Leo P yenyewe iligunduliwa hivyo: darubini ya Arecibo huko Puerto Rico ilisikia hidrojeni yake kabla ya yeyote kutambua nyota zake kwenye picha.

Nyota nzito huvunja nyumba iliyozizaa

Metali hutengenezwa na nyota. Galaksi inayozaa nyota kwa mabilioni ya miaka ingepaswa kutajirika. Basi za vibete zimekwenda wapi?

Zimetupwa nje. Nyota yenye uzito unaozidi Jua mara nane au zaidi huishi miaka milioni chache, na ikiwa nyepesi kidogo katika kundi hilo, hadi milioni 40 hivi, kisha hulipuka kama supanova. Mlipuko mmoja hutoa nishati ya mwendo inayokaribia nishati yote ambayo Jua litatoa kama mwanga katika maisha yake ya takriban miaka bilioni 10. Hata kabla ya mlipuko, nyota hizo huwa zimekwisha kupasha joto wingu lililozizaa kwa mwanga na upepo wao. Gesi iliyochemshwa na makumi ya supanova zilizolipuka karibu karibu hufanya puto kubwa linalopanuka hadi kupasuka nje ya galaksi.

Tikisa mtungi wenye maji, kisha tikisa sahani yenye maji kwa nguvu ileile, nawe utaona kinachotofautisha galaksi kubwa na kibete. Karibu na Jua, gesi inahitaji mwendo wa zaidi ya kilomita 500 kwa sekunde ili iikimbie Njia Nyeupe. Katika vibete vidogo, makumi machache ya kilomita kwa sekunde yanatosha.

Leo P inathibitisha hili kuliko mfano wowote ninaoujua, kwa sababu iko peke yake. Hakuna galaksi kubwa iliyo karibu ambayo ingeweza kulaumiwa. Watafiti walihesabu oksijeni ambayo nyota zake zote zimeitengeneza tangu mwanzo, wakalinganisha na iliyomo sasa katika gesi na nyota. Iliyobaki ni asilimia 5 tu. Asilimia 95 imetoka, na waliohusika ni nyota zake wenyewe.

Gesi yote haipotei moja kwa moja. Nyingine hupanda, hupoa, kisha huanguka tena. Matokeo yake ni mwenendo wa vipindi: nyota huzaliwa kwa wingi, supanova hufuata, gesi hutawanyika, uzazi husimama, gesi hurejea, na mzunguko unaanza upya baada ya miaka milioni makumi kadhaa au zaidi. Galaksi kubwa ina maeneo mengi yanayopitia mizunguko hii kwa nyakati tofauti, hivyo jumla yake huonekana tulivu. Kibete kinaweza kupumua chote kwa pamoja.

Mwenendo huu unapimwaje, ikiwa hakuna binadamu anayeweza kusubiri miaka milioni 50? Kwa kulinganisha saa mbili. Mwanga mwekundu wa hidrojeni iliyochangamshwa hutokana na nyota nzito mno, hivyo huonyesha uzazi wa miaka milioni 5 hadi 10 iliyopita. Mwanga wa urujuanimno hutolewa pia na nyota nyepesi kiasi zinazoishi zaidi, hivyo hujumlisha takriban miaka milioni 100. Galaksi inayozaa kwa mwendo sawa itatoa jibu moja kwa saa zote mbili. Kwa vibete majibu hupishana vibaya, na mara nyingi saa fupi husoma chini ya ile ndefu: galaksi imetoka tu kwenye kilele na sasa imetulia.

Lakini tafsiri hiyo ina mshindani. Galaksi inayotengeneza nyota chache sana inaweza tu kukosa nyota nzito kwa sababu hizo ni adimu, na pasipo nyota nzito mwanga mwekundu haupo hata kama uzazi haujapungua. Leo P ina nebula, yaani wingu la gesi, moja tu inayong'aa, nayo huangazwa na nyota moja nzito ya joto kali. Nyota hiyo ikifa kabla ya nyingine kuzaliwa, saa fupi itasoma sifuri. Kwa maoni yangu sababu zote mbili zinafanya kazi, na kadiri kibete kilivyo kidogo ndivyo bahati inavyochukua nafasi kubwa zaidi.

Mwanga wa kwanza na waliouwasha

Kuna tukio moja lililovigusa vibete vyote kwa wakati mmoja. Miaka 380,000 baada ya Mlipuko Mkuu ulimwengu ulikuwa umepoa, na hidrojeni yake ilikuwa atomi kamili, elektroni zikiwa zimeshikwa. Baadaye nyota za kwanza zikawaka. Mwanga wao wa urujuanimno uling'oa elektroni hizo tena, na kufikia takriban miaka bilioni 1 baada ya mwanzo, karibu hidrojeni yote iliyotanda kati ya galaksi ilikuwa imegeuzwa ioni na kupashwa joto hadi nyuzi 10,000 na kuendelea.

Gesi ya joto hilo haikai ndani ya wingu dogo la maada ya giza, na iliyo nje haiingii. Kwa vibete vidogo kabisa, hiyo ilikuwa amri ya kufunga. Mwaka 2014 uchunguzi wa darubini ya Hubble juu ya galaksi sita hafifu mno, zikiwemo Hercules, Leo IV na Ursa Major I, ulionyesha kwamba sehemu kubwa mno ya nyota zao ilizaliwa ndani ya takriban miaka bilioni 1 hiyo ya mwanzo, na baada ya hapo karibu hakuna. Galaksi sita zilizotawanyika pande mbalimbali za anga zina saa inayofanana. Ni vigumu kueleza hilo kwa ajali za kila moja peke yake.

Kinachoifanya habari hii iwe nzito zaidi ni nani aliyewasha mwanga huo. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya darubini ya James Webb, iliyoelekezwa kwenye kundi la galaksi la Abell 2744, ambalo uvutano wake hukuza picha ya vilivyo nyuma yake. Nyuma ya kundi hilo zilionekana galaksi hafifu mno za enzi hiyo, na mwanga wao wenye uwezo wa kung'oa elektroni ulikuwa takriban mara nne ya makadirio yaliyozoeleka. Kwa jinsi galaksi za aina hiyo zilivyokuwa nyingi, zinaweza kuwa ndizo zilizofanya kazi kubwa ya kuigeuza hidrojeni ya ulimwengu. Vibete, kwa pamoja, vilipasha joto gesi ambayo vidogo kuliko vyote miongoni mwao vilikuwa vikiitegemea.

Si vyote vilivyokubali kufungwa. Webb imeichunguza Leo P pia, na historia iliyosomwa humo ni ya kusisimua: ilizaa nyota mapema, ikasimama muda mfupi baada ya enzi hiyo, ikakaa kimya kwa mabilioni ya miaka, kisha ikawaka tena na haijazimika hadi leo. Uzito wake ulikuwa mpakani, na kwa kuwa iko mbali na galaksi kubwa, gesi iliyopoa ilipata nafasi ya kurudi. Leo A, kibete kingine, nayo iliahirisha karibu kila kitu: takriban asilimia 90 ya nyota zake zilizaliwa katika miaka bilioni 8 ya karibuni.

Hatari ya kuishi karibu na mkubwa

Ukiorodhesha vibete vinavyoizunguka Njia Nyeupe ndani ya miaka ya nuru kama milioni 1, utakuta karibu vyote havina hidrojeni inayopimika. Walio na gesi ni wawili tu, Mawingu ya Magellan. Toka nje ya mpaka huo na hali inabadilika: Leo T, iliyogunduliwa mwaka 2007 kwa umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 1.4, ni hafifu sana, lakini gesi yake ina uzito kuliko nyota zake.

Mpangilio huu unatokana na hewa nyembamba ya gesi yenye joto kali iliyoizunguka Njia Nyeupe hadi mbali. Kibete kinachopita ndani yake kwa kilomita mamia kadhaa kwa sekunde hukutana na upepo unaoifagia gesi yake nje, huku nyota zikipita bila kuguswa. Uvutano wa mkubwa humalizia kwa kunyofoa kilicholegea. Fornax ni mmoja wa waliopoteza hivyo. Pamoja na Sculptor, ilitangazwa na mwanaastronomia Harlow Shapley mwaka 1938 kutokana na picha zilizopigwa katika kituo cha Boyden, Afrika Kusini, na hivyo ndivyo aina hii nzima ya galaksi ilivyoanza kujulikana: madoa hafifu kwenye sahani za kioo ambayo mwanzoni yangeweza kudhaniwa kuwa alama za vidole.

Hata hivyo ujirani hauui tu. Mawingu mawili ya Magellan yamekuwa yakivutana yenyewe kwa yenyewe, na yalikaribiana sana takriban miaka milioni 200 iliyopita. Gesi waliyonyang'anyana imetengeneza daraja kati yao, na ndani ya daraja hilo mna nyota changa mno kuweza kuwa zimesafiri kutoka kwingine. Zimezaliwa hapo hapo, katikati ya galaksi mbili. Katika Wingu Kubwa kuna nebula ya Tarantula, eneo linalozaa nyota kwa nguvu kuliko lolote katika ujirani wetu wote wa galaksi, na katikati yake kundi la R136 lenye baadhi ya nyota nzito kuliko zote zinazojulikana. Gesi ikibanwa, kibete kinaweza kulishinda jitu.

Umri unasomwaje

Nimetaja tarehe nyingi, hivyo ni haki kueleza zinakotoka. Galaksi ikiwa karibu kiasi cha nyota zake kuonekana moja moja, kila nyota huwekwa kwenye mchoro kwa mwangaza na rangi yake. Nyota nzito ni za buluu na hufa upesi, nyepesi ni nyekundu na hudumu. Kwa kuangalia ni wapi msururu wa nyota za kawaida unapokatika, mtafiti anajua kizazi hicho kina umri gani. Galaksi yenye vizazi vingi huonyesha mikato mingi juu kwa juu. Mchoro wa Carina ni mzuri ajabu kwa sababu mikato hiyo imetengana waziwazi, na mtu asiye mtaalamu anaweza kuona kwa jicho mahali ilipolala.

Njia hii inahitaji kuziona nyota zilizo hafifu, na kutoziona kumewahi kupotosha. I Zwicky 18, iliyo umbali wa karibu miaka ya nuru milioni 60, ilielezwa mwaka 1972 na wanaastronomia Leonard Searle na Wallace Sargent kuwa na metali chache kupita kiasi na nyota changa za buluu. Kwa miongo kadhaa wengi waliiona kuwa huenda ni galaksi iliyozaliwa juzi kwa kipimo cha ulimwengu. Hubble ilipoitazama kwa muda mrefu ilipata majitu mekundu ndani yake, nyota zenye umri unaozidi miaka bilioni 1. Galaksi haikuwa mpya. Ilikuwa kwenye kipindi cha kuzaa kwa wingi, na nyota changa ziling'aa hadi kuwafunika wazee.

Mitikisiko inayofika kwenye maada ya giza

Uzazi huu wa kusitasita una athari moja ambayo watu hawakuitarajia. Mahesabu ya maada ya giza peke yake hutabiri kwamba katikati ya kila galaksi inapaswa kurundikana kwa msongamano mkubwa. Vibete vingi vinavyopimwa havionyeshi rundo hilo. Katikati yake msongamano ni tambarare, na kwa miaka mingi pengo hili lilitumiwa kuhoji kama tunaijua maada ya giza hata kidogo.

Maelezo yanayokubalika na wengi leo yanapitia kwenye supanova. Gesi inaporushwa nje kwa ghafla, uvutano wa katikati hupungua, na chembe za maada ya giza zilizokuwa zikizunguka hapo husogea nje kidogo. Gesi inaporudi polepole, chembe hazirudi zote zilikokuwa. Rudia hivyo mara nyingi na rundo husambaa. Maada ya giza haigusani na mwanga wala na mlipuko, ila huusikia uvutano wa gesi inayoingia na kutoka.

Wazo hili linaweza kupimwa. Likiwa kweli, kibete kilichoacha kuzaa mapema kitakuwa na rundo lake bado, na kilichoendelea kitakuwa kimelipoteza. Mwaka 2019 kundi la watafiti lililinganisha mwendo wa nyota katika vibete vya aina zote mbili. Draco, iliyokoma takriban miaka bilioni 10 iliyopita, ina msongamano mkubwa katikati. Fornax, iliyozaa hadi juzi, ina msongamano mdogo kuliko unaotabiriwa, na hilo linasaidia kueleza fumbo jingine: Fornax ina makundi kadhaa ya nyota ya mviringo ambayo, kama rundo lingekuwepo, yangepaswa kuwa yamezama katikati zamani. Bado yanaelea nje.